Mbwa wa Dungu la Bi Tatu

Mwaka mzima niliokaa Kibiti nilikula kwenye sahani moja ya bati yenye ua jekundu katikati, na hakuna mtu mwingine aliyeitia mkono sahani ile. Ilioshwa peke yake na kuanikwa peke yake kwenye kichanja cha uani, mbali na vyombo vya wenye nyumba. Aliyenipa alinipa kwa upole mno, hata ikanichukua siku kadhaa kuelewa kwamba nimetengwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, bwana mifugo mpya, na kazi niliyotumwa ilikuwa kuchanja mbwa katika mji ambao mbwa hana mwenyewe.

Mwezi uliopita alinipigia Zaituni. Sikuitambua sauti, miaka thelathini na ushei si mchezo, mpaka aliposema, "Mimi Zaituni wa Bi Tatu, Kibiti," nikatafuta mahali pa kukaa. Mama yake alikuwa amefariki na wameshamzika, arobaini ingesomwa Jumamosi ya wiki ya pili. "Amekuachia maneno," akasema, "lakini si maneno ya kwenye simu." Basi nikatoka Morogoro, mzee mzima na mfuko wa mchele mkononi kana kwamba bonde la Rufiji limeishiwa mchele, na njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Maneno gani? Mama yule tuliishi nyumba moja mwaka mzima na mazungumzo yetu yote ukiyakusanya hayafiki saa moja. Lakini moyoni nilijua. Kuna swali moja nililomuuliza mwaka ule, hakunijibu, na swali lile nimelala nalo na kuamka nalo kuliko nilivyolala na mke wangu, Mungu amrehemu.

Nyumba bado ipo, ingawa sasa ina bati jipya na vigae sebuleni. Chumba changu kilikuwa cha mwisho upande wa kulia, na dirisha lake la ubao lilitazama mkorosho. Kuta za ndani hazikufika juu, ziliishia pale mtu anaponyoosha mkono, kwa hiyo pumzi, kikohozi na siri za nyumba nzima zilipita juu ya kichwa changu. Kitanda cha kamba, meza, taa ya chemli, na nje ya mlango, kopo la maziwa lililojaa udongo mwekundu laini, umechekechwa. Kopo lile aliliweka Bi Tatu jioni ya kwanza niliporudi kutoka kazini. Mimi Mwislamu mwenzake sikuhitaji kuambiwa: mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Kwetu Kondoa mbwa anakwenda malishoni na ng'ombe, tunaosha na maisha yanaendelea. Lakini Kondoa mtu anagusa mbwa mmoja, wake, kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa nashika midomo thelathini kwa siku, tena kwa mshahara. Watu waliniamkia vizuri, wakanipisha njiani vizuri, wakanipa mkono wa mbali. Watoto walinibatiza Bwana Mbwa. Nikiingia msikitini, safu ilikuwa na kawaida ya kupungua kidogo upande wangu, na sikuwa na wa kumlaumu, kila mtu ana swala yake ya kuilinda.

Bi Tatu alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kila baada ya alasiri wanawake wa jirani walikuja barazani kwake na ukili wao, akawasomesha Kurani huku wanasuka. Heshima yake mjini ilikuwa hiyo. Msimu wa mpunga alishuka bondeni, akakaa wiki nzima nzima kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo mkulima wa Rufiji anaishi akilinda shamba wakati mto umefurika chini yake. Nilikuwa nasikia mazungumzo yao nikiwa nimejilaza. "Kijana mwenyewe ana adabu," mmoja alisema siku moja. "Adabu anayo," akajibu mwingine, "lakini mkono ule ule ushike mbwa, ndio ukushike wewe?" Wakacheka mpaka wakakohoa. Bi Tatu akawaambia warudi kwenye aya. Niliangalia mikono yangu kwenye mwanga wa dirisha. Sikucheka, ingawa leo ningecheka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ilimwagwa Ikwiriri kwenye maturubai, sabuni zikaja za rangi zote, mabasi ya watu binafsi yakapakwa majina ya kujisifu. Ghala la ushirika la korosho pale Mtawanya lilibaki tupu, wanunuzi binafsi wanafuata korosho shambani kwa mtu. Serikali nayo ikaanza lugha mpya ya kuchangia, kujitegemea na kupunguza. Chanjo ya mbwa iliyokuwa ikiletwa kwa magari ikaanza kuuzwa madukani. Mkubwa wangu wilayani aliniita akanipa maboksi ya mwisho ya chanjo ya bure, akasema, "Ikiisha hii, kila mtu na mbwa wake." Nikamwambia huko hakuna mtu mwenye mbwa wake. Alidhani natania.

Ile chanjo ilikuwa ya zamani, na hapa sina budi kueleza kidogo. Ziko chanjo za kichaa cha mbwa ambazo kirusi chake kimeuawa, hizo hata zikilala hazina la kuamka nalo. Na zilikuwako za zamani ambazo kirusi ki hai, ila kimeoteshwa kwenye mayai mara nyingi mpaka kimepoteza makali. Kinaingia kwa mbwa, mwili wake unajifunza kujikinga, basi. Lakini chuoni tulifundishwa kwamba mara chache sana, kwa mbwa mchanga au mbwa dhaifu, kirusi kile kinaweza kurudiwa na makali yake, na mbwa akaugua maradhi yale yale uliyotaka kumkinga. Mwalimu alilipita jambo hilo haraka, akielekea kwenye mtihani. Mimi nililiandika pembeni mwa daftari.

Siku ya kuchanja Mtawanya nilikaa kwenye kivuli cha lile ghala tupu. Wengi wa walioleta mbwa walikuwa vibarua, kwa sababu wenye mashamba hawakutaka kuonekana wameshika kamba. Ukimuuliza mtu mbwa ni wa nani, anakwambia yupo tu, anakaa pale dunguni, anafukuza nguruwe. Kwa hiyo daftari langu halikuandika wenye mbwa, liliandika madungu. Majina ya mbwa ndiyo yaliyonifurahisha: Mtanikoma, Hamjui, Mnaumia Nini. Mtu akigombana na jirani anampa mbwa jina, akawa anaita asubuhi na jioni, jirani asikie. Mbwa alikosa mwenyewe, lakini jina lake lilikuwa na mwenyewe. Kibarua mmoja Mmatumbi akaniletea mbwa wa kahawia, kijana, masikio yamesimama. "Anaitwa Watachoka," akasema. "Dungu la Bi Tatu, bondeni." Nilishangaa kidogo. Nilimchoma paja la kulia kama nilivyowachoma wengine wote, maana nilikuwa na utaratibu huo na nilijivunia. Mbwa akanitazama bila kinyongo, akaondoka akinusanusa kamba yake.

Wiki ile ile niliteremka Nyamisati kupanga kazi ya delta, kule mto unakogawanyika kuingia baharini, na huko ndiko nilikokutana na Athumani. Alikuwa mkata boriti, mtu wa vidole vinene vilivyopasuka kwa chumvi, na kambi yake ilikuwa ndani kwenye mikoko, mwendo wa mtumbwi. Alinikuta nimekaa peke yangu kwenye benchi la mama ntilie na sahani yangu, watu wote wamehamia benchi la pili. Akaja na sahani yake ya wali na pono wa kukaanga, akaketi, akasogeza samaki katikati yetu. "Kula, Bwana Mifugo." Nikamwambia mikono hii imeshika mbwa. Akasema, "Na mimi mbwa wangu nalala naye kambini. Maji yakijaa tunabanana jukwaa moja. Nikuogope wewe?" Mbwa wangu. Mwaka mzima ule, kutoka Kibiti mpaka baharini, huyo ndiye mtu pekee niliyemsikia akisema mbwa wangu. Tulikula pono wote wawili kwa mikono, tukagombania kichwa chake, akanishinda. Akaniuliza kwao kambini nitafika lini. Alikuwa amesikia kuna mbwa wa ajabu ajabu wanaonekana upande wa juu, mbwa wasiobweka. Nikamwambia wiki mbili, haizidi. Akasema atawafunga mbwa wa kambi zote wanisubiri.

Siku ya kumi na mbili baada ya kuchanja Mtawanya nikaitwa bondeni. Watachoka alikuwa ameuma mbuzi, vijana wamemzunguka na marungu. Nilimkuta amekaa kitako kwenye tope, miguu ya nyuma yote miwili imelala, ute unatiririka, anajaribu kubweka na sauti haitoki. Nilijua kabla sijainama. Vijana wakamaliza kazi yao, nami nikafanya yangu, nikavaa glavu na kukata kichwa, maana maabara inataka ubongo. Mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Si ndiye huyu uliyemchoma juzi?" Nikasema ndiye. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Niliporudi nyumbani kuchukua nguo za safari, Bi Tatu alikuwa jikoni uani, karudi kutoka dunguni asubuhi ile ile. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kuni mbichi hizi, mwanangu," akasema. Nikazitazama kuni, zilikuwa zinawaka vizuri.

Kichwa kilisafiri hadi Dar es Salaam ndani ya ndoo yenye barafu ya kiwanda cha soda, na kondakta alipouliza nikasema kambale. Maabara nilimkuta mama mmoja mtaalamu, Mama Edna, mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kesho yake akaniita kwenye darubini, akanionyesha vidoa vinavyong'aa kijani. "Kichaa," akasema. Nikamuuliza kichaa cha kutoka wapi, cha porini au cha kwenye chupa yangu. Akavua miwani. "Hapo ndipo nisipoweza kukusaidia. Darubini hii inanijulisha ukoo, jina hainitajii. Cha chanjo na cha porini ni ukoo mmoja, vyote vinang'aa hivi hivi." Akasema wapo wanaoweza kuvitenganisha, nje ya nchi, na kwamba angepeleka kipande cha ubongo. "Lakini fedha za kutuma vitu zimekuwa za msimu siku hizi. Usikae kungoja." Kisha akaniuliza nilichoma wapi. Nikamwambia paja la kulia, mbwa wote. Uso wake ukachangamka. "Basi mtafute mtu aliyekuwa na mbwa huyo siku ya kwanza ya ugonjwa. Kirusi cha chanjo kikileta balaa, kwa kawaida kinaanzia kwenye mguu ule ule uliochomwa. Kama ulianza kulegea wa kulia, funga chupa zako. Kama ulianza mwingine, chanjo yako haina hatia, endelea na kazi tena haraka. Ila usikae katikati, mwanangu. Mbwa wa porini hawangoji majibu yetu."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa Kibiti hata wa miaka saba asingelifanya. Nilishuka kwenye basi saa kumi, nikaenda moja kwa moja nyumbani na mfuko begani, nikakuta baraza limejaa wanawake, ukili na misahafu, na nikamuuliza Bi Tatu pale pale, wote wakisikia: "Bi Tatu, yule mbwa wako wa dunguni, Watachoka, mguu gani ulianza kulegea?" Mikono yote ikasimama kusuka. Yeye hakunyanyua macho. "Mwanangu," akasema taratibu, "mimi mbwa namjulia wapi? Mbwa ni wa shamba." Mwanamke mmoja akaguna. "Watu wako kwenye maneno ya Mungu, wewe unatuletea habari za mbwa." Nikaomba radhi nikaingia ndani. Nikasikia juu ya ukuta mmoja anasema, mbwa wako, kamwambia mbwa wako, mbele za watu, na mwingine anasema vijana wa kuja hawajui la kusema na pa kulisemea. Bi Tatu akasoma aya iliyofuata na sauti yake haikutikisika hata kidogo. Nilijua anajua. Nilijua pia nimekifunga kinywa kile kwa mkono wangu mwenyewe.

Ningeweza kumuuliza tena tukiwa wawili. Hili ndilo ninalojiuliza mpaka leo, nikinawa mikono, nikisubiri maji yachemke. Sikumuuliza kwa sababu niliona aibu, na nyuma ya aibu kulikuwa na kiburi: niliona yeye ndiye aliyenitenga na sahani ya bati, na mimi sasa nimpigie magoti kwa ajili ya mbwa anayemkana? Yule kibarua Mmatumbi alikuwa amesharudi kwao milimani baada ya mavuno, hakuna aliyejua kijiji. Mji ukaanza kusema sindano inaleta kichaa. Mbwa wakafichwa kwenye mapori ya mikorosho kila niliponyanyua mguu. Nilimpigia mkubwa wangu wilayani kwa simu ya posta, akasema, "Wewe ndiye uko huko, amua." Nikaamua kungoja majibu ya nje. Yaani nikakaa katikati. Chupa zilizobaki, za delta nzima, nikaziacha kwenye friji ya mafuta ya taa pale zahanati, na kila asubuhi nilikwenda kutazama kama moto wake unawaka, kazi ya maana niliyobaki nayo. Wiki mbili za Athumani zikapita. Nilimpelekea salamu kwa mchuuzi wa samaki kwamba nimekwama. Sikusema nimekwama na nini.

Ramadhani iliingia mvua zikianza. Nadhani sijawahi kuwa mpweke kama mwezi ule, na nimezika mke. Jioni nyumba ilijaa harufu ya tambi na uji wa pilipili manga, watu wanaingia na kutoka, mikeka inatandikwa, na mimi nimekaa kitandani nasubiri adhana peke yangu na tende tatu kwenye karatasi. Sahani yangu ililetwa mlangoni kila siku, imefunikwa kawa, na mletaji alikuwa Zaituni, binti wa miaka kama kumi na sita hivi, anabisha, anaweka, anaondoka. Siku moja, kabla ya magharibi, aliyebisha alikuwa Bi Tatu mwenyewe. Alisimama na ile sahani mikononi, muhogo wa nazi na kipande cha samaki, hakuiweka chini. Nilikuwa nimelala kifudifudi. Siku ile mtoto mmoja alinirushia udongo njiani, udongo wa kuniosha, wenzake wakahesabu mpaka saba. "Mwanangu," Bi Tatu akasema. Nikaitikia labeka bila kugeuka. Akasema, "Nilikuwa nataka..." Nikamkata. Nilimwambia, "Acha tu, Bi Tatu. We weka sahani hapo chini, kama siku zote." Nikasikia bati linagusa sakafu, kisha kanga zake zikipita ukumbini. Nilidhani alikuwa anataka chumba chake, nihame.

Habari za Athumani zililetwa na mganga wa zahanati baada ya Idi. Mbwa mgeni alipita kambini maji yalipokupwa, akapigana na mbwa wake. Athumani akamuosha mbwa wake majeraha. Wiki chache baadaye mbwa yule akamng'ata kiganja, akaosha kwa maji ya bahari, akaendelea kukata boriti. Alipofikishwa hospitali alikuwa ameshaanza kuogopa maji, yeye mtu aliyeishi majini. Niliteremka Nyamisati matangani. Wanaume walinipa nafasi kwenye mkeka, wakanipa kahawa, hakuna aliyenitusi, na ingekuwa afadhali wangenitusi. Mjane wake aliomba kuniona uani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amejifunika mpaka machoni. "Tulikungoja, Bwana Mifugo," akasema. "Mbwa wote aliwafunga siku mbili, wiki zako mbili zilipotimia. Alikuwa anasema utakuja tu, mmekula pamoja." Nilijitetea moyoni njia nzima ya kurudi: kama chanjo ndiyo iliyomuua Watachoka, basi kuwachanja mbwa wa delta kungepanda kichaa kambi kwa kambi, na kungoja kwangu kuliwaokoa wengi. Kama. Nimeliegemea neno hilo ujana wangu wote na uzee wangu mpaka Jumamosi ile.

Majibu ya nje hayakuja. Mama Edna alipunguzwa kazini mwaka uliofuata, mimi nikahamishiwa Morogoro. Siku ya kuondoka Bi Tatu alinipa mkate wa kumimina umefungwa kwenye jani la mgomba, akaniambia nisisahau kula njiani. Hatukutazamana sana.

Arobaini ilisomwa uani, watu wengi, turubai mpaka barabarani. Baada ya dua Zaituni akaniita ndani. Sasa ni bibi, ana sauti ile ile ya chini ya mama yake. Akanikalisha kwenye kile chumba changu cha mwisho kulia, ambacho sasa kina kabati na feni. Nikajitia mzaha, nikamuuliza sahani yangu iko wapi. "Mama aliitumia mwenyewe mpaka ikatoboka," akasema. "Ulipoondoka alikataa kula kwenye chombo kingine. Tukimuuliza anasema inatunza joto."

Akajiweka sawa kanga, akasema maneno kama mtu aliyekaririshwa. "Kaniambia nikwambie hivi. Ulianza mguu wa kushoto. Mwezi mmoja kabla ya sindano yako, alikuja mbwa mgeni dunguni, akamuuma Watachoka mguu wa kushoto. Mama alimfunga jeraha kwa kanga yake, akamlaza juu dunguni pamoja naye mpaka akapona. Kaniambia nisisahau. Kushoto."

Kwanza nilipumua. Sitaficha hilo: kwa muda wa kumeza mate nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne aliyeambiwa hana hatia, na machozi yalinitoka kwa furaha. Maabara ingetaka ushahidi zaidi, mimi sikutaka. Haikuwa sindano yangu. Halafu, kabla sijafuta uso, neno langu la kuegemea likaondoka chini yangu, nikamwona Athumani anasogeza pono katikati. Chupa zile zilikuwa safi. Zilikaa kwenye friji wakati yeye amewafunga mbwa wananingoja.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza, na nasikitika kwamba sauti yangu ilikuwa ya hasira. "Nilikuwa hapa hapa. Mwaka mzima."

Zaituni akatazama mlangoni, si mimi. "Alikuja kukwambia," akasema. "Mwezi wa Ramadhani, kwenye mlango huu. Mimi nilikuwa ukumbini. Ukamwambia aweke sahani."

Nje walikuwa wanapakua. Mtu akaita wageni wa mbali waje kula, nikanawa mikono mara moja tu kama watu wengine, nikakaribishwa kwenye sinia la wanaume watano nisiowajua. Wakasogea. Mmoja akanisukumia nyama upande wangu, akasema kula, mzee. Nilikula matonge matatu.